Dawati la Mwende

Kuna sauti moja ninayoichukia kuliko zote, nayo ni ya dawati zito likiburutwa kwenye sakafu ya saruji. Wengine huchukia mlio wa mbu, wengine kilio cha fisi wakati wa kiangazi. Mimi nikimsikia jirani yangu hapa sokoni Tawa akivuta meza yake asubuhi, kabla sijafungua duka langu la mbegu na dawa za mifugo, meno hufa ganzi na siku huharibika kabla haijaanza. Katika shule niliyosomea, mwisho wa kila muhula, mwalimu alisoma matokeo mbele ya darasa zima, kisha akasema neno moja tu: "Hameni." Basi tulihama. Nambari moja alikaa mbele, pua kwa pua na ubao. Aliyemfuata alikaa karibu naye, na hivyo hivyo kurudi nyuma, hadi ukutani, penye dirisha lisilo na kioo ambapo vumbi la uwanjani liliingia kama mwanafunzi aliyelipiwa karo. Huko ndiko walikokaa walioshika mkia. Na kwa kuwa siku hizo kila mzazi alitakiwa kumletea mtoto wake dawati, mtoto hakuhama peke yake. Alihama na dawati lake, akiliburuta, huku darasa zima likitazama anakoelekea.

Dawati la dada yangu Mwende lilikuwa zito kuliko yote. Baba alilichonga mwenyewe kwa mbao za mukau, mti ambao kwetu Ukambani hata mchwa huuheshimu, na alilichonga kwa fahari kwa sababu Mwende alikuwa mtoto wake wa kwanza kuingia shule. Mguu mmoja ulikuwa na msumari uliochomoza kidogo kwa chini. Kila muhula msumari ule ulichora mstari mweupe sakafuni, kutoka mahali alipokuwa hadi ukutani, na kila muhula Mwende aliinama akisukuma kwa mabega, uso umemwiva, nasi tukisikia saruji inavyolia. Mimi nilikuwa mdogo wake kwa miaka miwili. Nilimkuta darasa la nne kwa sababu alikuwa amerudishwa, kisha akarudishwa tena. Fikiria mwenyewe aibu ya kusoma darasa moja na mdogo wako, mdogo anakaa mbele na wewe unakaa na vumbi.

Mwende alikuwa hasikii vizuri. Nalisema hapa waziwazi kwa sababu wakati ule hakuna aliyelisema. Alipokuwa mdogo sana masikio yalimtoka usaha majira mawili ya mvua mfululizo. Bibi alimtilia mafuta ya kupasha moto, shangazi akaleta maji ya kitunguu, na usaha ulipokauka kila mtu akashukuru Mungu na kusahau. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa, na la kulia lilisikia mtu aliye karibu tu. Nyumbani hatukujua, na ukitaka kujua kwa nini hatukujua, nitakueleza: tulikuwa tumezoea kumwendea upande wa kulia na kumgusa bega kabla ya kusema, sote, mpaka mbuzi nadhani, bila mtu yeyote kuamua hivyo. Mama alikuwa akimwita kwa kugonga sufuria. Sisi tuliona ni desturi ya nyumba yetu tu, kama nyumba nyingine zinavyokuwa na desturi ya kula kimya.

Nje ya boma mambo yalikuwa mengine. Kwetu mkubwa akikutana na mtoto njiani humwambia "Wakya," na mtoto hujibu "Aa." Ni jambo dogo, lakini mtoto asiyeitikia huhesabiwa hana malezi, na mama yake husemwa kisimani mpaka jua lizame. Mwende alipita kando ya akina mama wenye mitungi, wakamsalimu kutoka nyuma au kutoka kushoto, naye akaenda zake akitazama mawe. "Yule mtoto anaringa," walisema. "Anaringa nini, na shule yenyewe imemshinda?" Kwa hiyo alipoingia darasani alikuwa tayari ameshahukumiwa. Mwalimu wetu, Mwalimu Kimeu, alikuwa mtu wa kijiji kile kile, na sifa ya kiburi ilimfikia kabla ya Mwende kufungua kitabu.

Sasa nikuambie jinsi Mwalimu Kimeu alivyofundisha, maana hapo ndipo hasira yangu inapokaa na haijahama mpaka leo. Alisimama mbele, akatupa mgongo, akaandika ubaoni huku akiongea na ubao. Kisha akageuka na kusema, "Tumeelewa?" nasi tukaimba, "Tumeelewa." Akasema, "Saba mara nane?" nasi tukaimba jibu, wale waliolijua wakitangulia na wale wasiolijua wakidandia mwishoni. Shule zilikuwa zimefanywa za bure na darasa lilikuwa limefurika hadi wengine wakakaa mlangoni, hivyo kuimba kulimfaa sana. Kelele za watoto wengi zinapendeza masikioni mwa mwalimu mvivu. Mwende naye aliimba. Alitazama midomo ya jirani, akafungua yake nukta moja baadaye, na kwa mtu anayesikiliza kelele badala ya watoto, alikuwa anasoma. Alipoulizwa peke yake ndipo alipokaa kimya. Na alipokaa kimya alichapwa, ingawa fimbo zilikuwa zimekatazwa shuleni. Mwalimu Kimeu alipenda methali wakati wa kuchapa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, akamchapa. "Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, akamchapa tena. Darasa lilicheka. Nimeyarudia maneno hayo kichwani mwangu maisha yangu yote: mtu mzima, mwalimu aliyesomea ualimu, anasimama mbele ya mtoto kiziwi akimwambia kwa kinywa chake mwenyewe kwamba hasikii, na haimpitii akilini kwamba huenda ni kweli.

Mwanzo wa mwaka ule baba alisema neno lake. Baba yetu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na kwake kauli ya mwalimu ilikaribia mahubiri. Alimweka Mwende mbele yake, upande wa kulia kama kawaida, akasema polepole, "Ukirudishwa tena, shule basi. Utaenda Mwingi kwa shangazi yako, usaidie hotelini." Mwende aliitikia kwa kichwa. Usiku alikuja kitandani kwangu akaniuliza kama nilisikia alivyosikia yeye. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mimi nataka kusoma," basi, akageukia ukuta.

Muhula wa tatu tukaletewa mwalimu wa mazoezi kutoka chuo cha ualimu, Mwalimu Ndunge. Alikuwa msichana mfupi kutoka milima ya Kilungu, huko kwenye ukungu na mapeasi, na wiki ya kwanza vumbi letu lilimpa mafua asiweze hata kuita majina. Mwalimu Kimeu alimkabidhi darasa kwa furaha akaenda kuangalia ndengu zake. Siku ya pili Mwalimu Ndunge alituambia tutoe madawati yote mistarini, tuyapange kama nusu duara, ili kila mtu aone uso wa kila mtu. Tukaanza kuburuta. Akainua mkono. "Wacheni kuburuta. Darasa la tatu wanasoma. Dawati linainuliwa na watu wawili." Tulitazamana. Hakuna aliyewahi kutuambia dawati linainuliwa. Nilishika upande mmoja wa dawati la Mwende, yeye akashika wa pili, tukalitoa ukutani na saruji haikutoa mlio wowote.

Akafuta kuimba. "Leo hakuna kuimba jibu," alisema. "Nikiuliza, kila mtu aweke jibu mezani." Tuliokota vifuniko vya soda vilivyotupwa nyuma ya maduka, tukavipiga nyundo, kila mtoto akawa na mfuko wake. Aliandika hesabu ubaoni, akageuka akatutazama, akaisoma taratibu, kisha akazunguka kimya akiangalia vifuniko. Alipofika kwa Mwende alisimama. Vifuniko vilikuwa vimepangwa mafungu mafungu, safi, jibu sahihi. Hesabu ya pili, sahihi. Ya tatu Mwende alimaliza kabla yangu mimi niliyekaa mbele miaka yote. Ndipo Mwalimu Ndunge alipofanya kitu ambacho mwanafunzi yeyote wa ualimu angeweza kukifanya, na wenzake wote walikuwa wamekaa miaka bila kukifanya. Alipita nyuma ya Mwende akaita jina lake kwa sauti ya kawaida. Mwende aliendelea kupanga vifuniko. Akaita tena akiwa kushoto. Kimya. Akainama upande wa kulia akaita, na Mwende akageuka akamtabasamia. Mwalimu Ndunge hakusema kitu mbele ya darasa. Alihamisha dawati, mimi nikiwa nimeshika upande wangu, akaliweka kwenye ncha ya nusu duara ili sikio la kulia lielekee kwake na macho ya Mwende yaone midomo yetu sote.

Muhula ule ndio ninaouita utoto wangu, mingine niliipita tu. Mwalimu Ndunge hakusema tena akiwa ametugeuzia mgongo. Alituweka wawili wawili, mwenye kujua na anayetafuta, na kesho yake akabadilisha, kwa sababu alisema hakuna mtu anayejua kila siku. Kulikuwa na mvulana mwenye kigugumizi, Musyoka. Mwalimu alimpa ruhusa ya kusoma kwa sauti pamoja na mwenzake, na walipokuwa wawili maneno yalimtoka bila kukwama. Tulipima uwanja kwa kamba za katani, tukachora ramani ya mto kwenye mchanga, tukiuliza swali lazima tumtazame tunayemuuliza. Haya yote hayakuhitaji shilingi moja kutoka serikalini. Yalihitaji mtu anayetazama watoto. Mwende alianza kuongea njiani kutoka shule. Sikujua kumbe anaongea hivyo. Aliniigizia kila mtu, pamoja na Mwalimu Kimeu akihutubia ubao, mpaka nikakaa chini kwa kucheka. Mwalimu Ndunge pia alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada, akamweleza mama habari ya sikio. Mama akasema, "Na mimi nimekuwa nikigonga sufuria." Alienda kwenye uzio akamwita jirani, akamwambia kwa sauti ya kusikika boma zima kwamba mtoto wake haringi, na kama kuna anayetaka kusalimiwa, aje mbele.

Mazoezi yakaisha. Mwalimu Ndunge aliondoka kabla ya mtihani wa mwisho wa muhula, akatuachia mifuko ya vifuniko na akaacha maneno kwa Mwalimu Kimeu kuhusu Mwende. Najua aliyaacha, kwa sababu nilikuwa nimebeba vitabu vyake mlangoni mwa ofisi ya walimu na nilimsikia. "Mwalimu, huyu mtoto akae mbele, upande wa kushoto wa darasa, na umtazame ukiongea." Mwalimu Kimeu akamjibu, "Sawa, sawa, mwalimu," vile mtu anavyomjibu mtoto anayemwonyesha njia ya kwake.

Mwalimu Kimeu akarudisha madawati mistarini, la Mwende ukutani. Mtihani ulikuwa wa kuandika. Matokeo yaliposomwa, Mwende alikuwa miongoni mwa watano wa kwanza. Sitasahau alivyoniangalia, akinisoma midomo ili ahakikishe, nami nikimrudishia jina lake na nafasi yake polepole. Tuliinua dawati pamoja. Hatukuliburuta. Tulikuwa hatujaliweka chini vizuri Mwalimu Kimeu aliposema, "Hebu ngoja. Huyu amenakili." Akanitazama. "Amenakili kwa mdogo wake." Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa chumba, lakini hakuna aliyeuliza hilo. Akasema atampima hapo hapo, kwa mdomo, hesabu za kichwa. Ya kwanza aliisoma akiwa amemtazama, na Mwende akajibu sawasawa. Kisha akatembea hadi dirishani, akatupa mgongo, akamsomea nyingine akitazama uwanja. Mwende alinyoosha shingo. Akasoma nyingine. Mwende akatazama midomo ya wenzake, lakini safari hii hakuna aliyekuwa akiimba.

Nilisimama. Nilisema, "Mwalimu, hasikii ukigeuka. Mwalimu Ndunge alikwambia." Aliniuliza nani amenipa ruhusa ya kuongea, na nikapata fimbo zangu, ambazo sikuziona uchungu kwa sababu nilikuwa na hasira kubwa kuliko fimbo. Nikasema tena. Nikachapwa tena. Kisha akamwonyesha Mwende ukuta kwa kidole. "Rudi kwako." Nilikwenda kushika upande wangu wa dawati, akanizuia. "Ajibebee." Mukau ni mti mzito, na mtoto mmoja hawezi kuuinua. Mwende aliinama, akaweka mabega, akasukuma. Msumari ukachora mstari mwingine mweupe, kutoka mbele kabisa mpaka nyuma kabisa, na mlio ule ndio huu unaonifanya mpaka leo nizibe masikio dukani kwangu.

Siku ya kufunga, wazazi walikuja. Mwalimu Kimeu alimwambia baba, mbele za watu, kwamba binti yake amejifunza udanganyifu na mwaka ujao atarudia darasa, labda kichwa kitafunguka. Nilimweleza baba yote njiani, na mama akamweleza nyumbani, na nitampa baba haki yake: alikaa nje kwa muda mrefu. Lakini alikuwa amesikia mambo mawili, moja kutoka kwa mwalimu mwenye cheti na jingine kutoka kwa mtoto na mkewe, na alichagua la mwalimu. "Mwalimu hawezi kumwonea mtoto," alisema. Jumatatu Mwende alivishwa gauni la kanisani akapelekwa Mwingi, kwenye hoteli ya shangazi kando ya barabara ya Garissa, akaosha vikombe vya madereva wa malori. Alikuwa mtoto. Dawati lake lilibaki shuleni, na mwaka uliofuata mwalimu mwingine alilitumia kuwekea ndoo ya maji.

Watu huniambia yamepita, tusamehe. Waliokanyagwa hawasahau upesi kama waliokanyaga. Mwende amerudi siku nyingi, ana shamba la ndengu na michungwa karibu na Tawa, ana kifaa cha kusikilizia alichonunua mwenyewe ingawa betri zake ni za kusumbua, na ukimwona sokoni akibishana bei utadhani hakuna kilichompata. Mimi ndiye ninayebaki na hasira, na sioni haya. Mtoto aliyepanga vifuniko vile angekuwa chochote. Hakunyimwa na ukame wala na umaskini wetu. Alinyimwa na mtu aliyekataa kugeuka.

Muhula uliopita Mwende aliniomba tuandamane kwenye mkutano wa wazazi katika shule ile ile, kwa sababu binti yake Mutheu sasa yuko gredi ya nne, mtoto mwenye masikio mazima lakini kusoma kunamjia polepole. Mtaala umebadilika, na wanasema nambari zimeondolewa. Ukutani kuna maandishi ya rangi nzuri yanayosema kila mtoto anakaribishwa. Mwalimu wa darasa ni kijana mpole, mwenye viatu vinavyong'aa, na alitupokea kwa adabu zote. Kisha akasema, akitabasamu, kwamba wazazi ambao watoto wao wamefanya vizuri wakae benchi za mbele, na wengine tujipange huko nyuma. Hakukuwa na ubaya katika sauti yake. Ni vile tu mambo yanavyofanywa. Tukakaa ukutani, chini ya dirisha, ambalo sasa lina kioo. Kijana akageukia ubao akaanza kuandika huku akieleza jinsi watoto wetu watakavyosaidiwa.

Betri za kifaa chake zilikuwa zimekufa tena, na Mwende akaniinamia. "Anasema nini?" Nilianza kumrudishia maneno kwa midomo, kama nilivyofanya maisha yangu yote. Akaweka mkono gotini kwangu nikanyamaza. Akatazama sakafu, akasimama akaniambia, "Inuka." Niliinuka kwenye benchi. Nikadhani anataka tuondoke, nikaokota mkoba. Kumbe alikuwa ameshika benchi upande mmoja. Nikashika upande wa pili ili tuinue, kama tulivyofundishwa. "Wacha," akasema. "Wacha iburutike."

Akaiburuta. Kutoka ukutani, katikati ya wazazi waliokuwa wakivuta miguu yao, hadi mbele kabisa, na saruji ililia njia nzima mpaka wa darasa la jirani wakachungulia. Sikuziba masikio. Aliiweka kando ya meza ya mwalimu, akakaa, akaelekeza sikio la kulia, akakunja leso yake magotini. Kijana alikuwa amesimama na chaki hewani.

"Mwalimu," Mwende akamwambia, "kule nyuma sikusikia hata kitu kimoja. Geuka unitazame, halafu uanze tena mwanzo."

Akageuka. Akaanza tena mwanzo.